Mchuzi Uliolala Chini ya Gunia

Mwanangu, siku ya mahari ya wifi yangu huku Mutomo haijanitoka kichwani, maana ndiyo iliyofanya niitwe mtia sumu.

Tulichinja mbuzi jioni ya kuamkia siku hiyo, tukapika kwa sufuria kubwa ya kuazima. Nikataka kugawa mchuzi kwenye sufuria ndogo upoe, asubuhi tuuchemshe. Shemeji yangu Musembi akakataa. Namtaja kwa jina, kwa kuwa langu yeye alilitangaza soko zima.

"Kuni za kuchemsha tena utazitoa kichwani? Funika na gunia, utaamka moto."

Ndivyo tulivyozoea huku. Asubuhi mchuzi ulikuwa vuguvugu tu, tukawapakulia wageni, nasi tukala.

Kabla hakujakucha tena, tumbo lilinikata, likakata wageni, likamlaza mama mkwe hadi hata maji hayakai. Musembi, akitoka chooni ameshika suruali, akawaambia wazee, "Aliyepika si ni huyu aliyeolewa kutoka kule Salama? Ametuwekea kitu." Wazee wakaanza kusema nirudi kwetu, watoto wangu wabaki.

Mama mkwe, sauti imemkauka, akasema, "Mchuzi uliobaki hakuna kumwaga. Tieni kwa mkebe safi, uende hospitali na sisi. Mkamwana wangu hafukuzwi na mtu anayekimbilia choo."

Hospitali wakapima mchuzi, wakapima na choo chetu. Nilingoja majibu nikiwa kwa jirani, hakuna aliyepokea hata chai mkononi mwangu. Yakatoka: mdudu ni yule yule kote, bakteria anaitwa Klostridiamu. Daktari akawaeleza wazee kwamba mbegu zake hazifi kwa kuchemka mara moja, na nyama ikikaa vuguvugu, huzaana.

"Huyu hakutiwa na mtu," akasema. "Alilelewa chini ya gunia."

Wazee wakamgeukia Musembi. Msamaha hajaniomba mpaka leo, na bado inaniuma. Lakini siku hizi kwa karamu ndiye anayebeba kuni za asubuhi, akigombeza wapishi, "Chemsheni mpaka itokote." Hilo nimelipokea.

Basi mwanangu, nyama ya wageni igawe ipoe haraka, na uichemshe sana kabla ya kupakua. Watu wakiugua, beba walichokula uende nacho hospitali, kabla hujataja jina la mtu. Mungu abariki jiko lako. Wageni wako waamke wazima, na wewe ukae na watoto wako, kama mimi nilivyokaa na wangu.