Uso wa Pacha Aliyebaki

Nilipokuwa mtoto kule Élisabethville, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, siku moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba wakati kaka yangu Polo alipokuja mbio, ametumwa na baba.

"Mupiga picha amefika! Tata anasema bote tuvae!"

Niliacha mchi. Nkambo, mama yake baba, akaninyooshea kidole. "Weye hapana. Endelea kutwanga."

Sababu niliijua. Nilizaliwa pacha. Mkubwa wangu, Kyungu, alikufa kabla hatujajua kutembea, nikabaki mimi, Kabange. Nyumbani waliamini kwamba pacha aliyebaki akiuona uso wake, ni mwenzake anayemwita, naye atamfuata. Kwa hiyo kioo cha baba cha kunyolea ndevu kiligeuziwa ukutani, na ndoo ya maji nilikatazwa kuinamia. Msichana mzima wa shule, sura yangu siijui.

"Mama, niko namna gani?"

"Uko sawa na Kyungu," mama akajibu, akifunga kitambaa kichwani.

Jibu hilo lilinichoma. Marehemu ana uso, mimi sina! Walipokwenda kusimama mbele ya mpiga picha, niliingia ndani nikakigeuza kile kioo.

Nilimwona msichana mwenye kovu kidevuni. Kovu hilo nililipata nilipoanguka na baiskeli ya jirani. Kyungu hakuwahi kupanda baiskeli.

Nkambo alinikuta hapo. "Umemuona?"

"Nimejiona miye."

Akanizaba kofi, kisha akanipaka chokaa usoni ili mwenzangu asinichukue.

Leo nina watoto wangu, na mmoja nimemzika. Najua mama alitafuta nini usoni mwangu kila asubuhi. Kujua hakujaniondolea hasira. Angemlilia mwanawe mahali pengine.

Jioni ya siku ile wote walinichungulia kama nina homa. Mama alipakua bukari, ugali wetu, akitaja majina, kama kawaida yake: "Polo. Kyungu. Kabange." Mabonge mawili yalikuwa yangu, moja la kula kwa niaba ya mwenzangu.

"Kyungu haiko hapa," nilisema.

Baba aliacha kunawa. Nkambo akajiziba mdomo. Mama alisimamisha mwiko, akanitazama kidevuni kwa muda mrefu. Kisha akalirudisha bonge la pili chunguni.

"Polo. Kabange," akasema. "Tuko bote. Mukule."