Mtoto wa Kuazimwa

Watu wakinichekea sana huwa nashika mkoba wangu. Ndivyo nilivyo, na miaka niliyoishi London haijanibadilisha, imeniongezea tu. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka shule akasema amealikwa kwenye klabu ya watoto ya mpira wa Australia, swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini wewe?

Mpira wenyewe ulinitia shaka. Una umbo la yai, wanaudaka kwa mikono, wanaupiga teke, wanaupiga ngumi kumpasia mwenzao, na kila upande wa uwanja kuna milingoti minne wala hakuna kipa. Wazazi wengi pale ni Waaustralia waliokuja huku kikazi, na wanacheka hata mvua ikiwanyeshea. Kocha, mama mmoja mrefu anayevaa kaptura kiangazi na baridi, alinikumbatia siku ya kwanza kabla hajajua ninaitwa nani. Mapumziko yalipofika akapita mtu na bakuli la machungwa yaliyokatwa, la watoto, akanipa na mimi kipande. Nilikula, lakini nilikula huku naangalia.

Watu weusi pale tulikuwa mimi na binti yangu tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nilisimama pembeni nikingoja kuona kamba yetu ameishika nani.

Sikungoja sana. Jumamosi moja wapinzani walikuja pungufu. Kumbe mpira huu wa watoto una desturi yake: wenzenu wakipungukiwa, mnawaazima wachezaji wenu ili pande zilingane na mechi ichezwe. Mtoto aliyeazimwa anavaa kizibao cha upande wa pili, anacheza dhidi ya wenzake, na anatakiwa acheze kwa nguvu zake zote. Siku hiyo aliyevishwa kizibao alikuwa binti yangu. Nikasema sawa. Wiki iliyofuata wakaja wengine pungufu, akaenda yeye tena. Nilipomwona anavuka uwanja kwa mara ya tatu, roho iliniuma. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu siku ya tatu wamempa kwa watu.

Nani anaazima kitu anachokipenda? Mama yangu alipoombwa sufuria na jirani, alitoa ile iliyobonyea, ambayo hata isiporudi hatalia. Zile nzuri zilikuwa kabatini, na hakuna jirani aliyejua zipo ngapi. Nilimtazama mwanangu na kizibao cha watu, nikaiona ile sufuria.

Nikamweleza jirani yangu hapa Edmonton, mtaa wetu wa kaskazini mwa London, nesi wa kutoka Mombasa, ambaye hajawahi kunishauri nitulie.

"Wee dadangu, unangoja nini?" akasema. "Hao wamekupima wakakuona mpole. Mbona wasitoe watoto wao? Nenda kwa coach, umwambie straight."

Nilikwenda siku ya mazoezi. Kocha alinisikiliza, mpira kwapani, kisha akasema yeye hajawahi kumchagua binti yangu. Huwa anauliza nani atakwenda kuwasaidia wenzetu, na anayenyoosha mkono ni yeye.

Nilimkazia macho. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na maneno hayo nayajua: mtu anapangiwa zamu mbovu, halafu meneja anatangaza kwamba amejitolea. Nikamwambia kuanzia leo mwanangu asiazimwe kwa mtu. Akajibu sawa. Alijibu upesi mno, na hilo nalo nikaliweka akilini. Mtoto mwenyewe sikumuuliza. Mtoto wa miaka kumi na moja akichekewa anadhani anapendwa. Kazi ya kushuku ni ya mama yake.

Jumamosi iliyofuata wapinzani wakaja pungufu tena. Walisimama upande wao wakiwa wamejikunyata, wakitutazama kama watu waliofika kwenye harusi bila kadi. Kocha akawakusanya wetu. Nikasogea karibu, nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Nani atakwenda kuwasaidia?" kocha akauliza.

Watoto wakatazama majani. Mmoja akajikuna goti. Mkono ukapanda, wa binti yangu, na hakuna aliyemsukuma wala kumkonyeza. Niliangalia vizuri sana, maana hilo ndilo nililokuwa nimelijia.

"Leo si wewe," kocha akamwambia.

"Kwa nini?"

Nilingoja anitaje. Mimi ningekuwa yeye ningemtaja mtu haraka, na kidole juu. Akasema tu kwamba leo abaki na timu yake.

Mkono haukushuka. Binti yangu akasema wale wamepungukiwa sana, hawawezi kucheza hivyo, na yeye anapenda kwenda. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliuliza kama amekosea kitu, kama alicheza vibaya walipomwazima.

Kocha akanitazama juu ya vichwa vya watoto. Nilikuwa na nafasi ya kuendelea na kiatu changu, na nusura niendelee, kwa sababu hata wakati huo sehemu yangu moja ilikuwa inasema huu ni mchezo umepangwa. Lakini mtoto alikuwa analia kwa kudhani ameazimwa akafeli.

"Mwache aende," nikasema.

Binti yangu akageuka. "Ni wewe, mama?"

Nikamwambia ni mimi. Alipokea kizibao, akakivaa huku anakimbia, na wale watoto wa upande wa pili wakampokea kwa kelele. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mmoja wa wetu, aliyekuwa amejikuna goti, akanyoosha mkono naye akamfuata.

Sikuweza kusimama na wazazi wenzangu. Nikazunguka uwanja hadi upande wa wapinzani, ambako hakuna anayenijua. Binti yangu alicheza kama ana kisasi. Aliudaka mpira mbele ya wenzake wa kila wiki, akaupiga katikati ya ile milingoti miwili mirefu ya kati, goli, na wenzake aliowafunga wakaja kumpigapiga mgongoni. Wazazi wa klabu yetu walipiga makofi kule ng'ambo. Niliwachunguza mmoja mmoja, nikitafuta anayepiga kwa unafiki. Sikumpata, ingawa mmoja bado namfikiria.

Karibu yangu alisimama kocha wa wapinzani. Kila mpira ukienda kwa binti yangu alikuwa anamfuata kwa macho, kisha akamnong'oneza mama mmoja mwenye chupa ya chai. Mama yule akanisogelea, anacheka, akanimiminia chai kwenye kifuniko. Kucheka kwenyewe sikukupenda.

"Yule msichana ni hodari," akasema. "Ni wa timu gani yule?"

Nikashika mkoba wangu.

"Wetu," nikamwambia. "Tumewaazima tu. Mpira ukiisha mnaturudishia."