Siku Nilipomtoa Baba Mkwe Kichuguuni

Mpaka leo, huku kwa Wabelgiji, tramu ikifika Auderghem, miti ya msitu wa Soignes ikaanza kuonekana, mimi hugeuza uso upande wa pili, na mke wangu hucheka kimyakimya kwa sababu anajua ni uwanja gani nisiotaka kuuona. Haya, niwasimulie, mcheke mara moja yaishe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi, kijana wa Bukavu ambaye sijawahi kushika gongo la besiboli, nilikuwa kocha wa timu ya besiboli (msiniulize sana: kocha mwenyewe, Mbelgiji, alivunjika mguu, akasema mimi nina kichwa kilichotulia, nami nikakubali kwa kuwa msichana niliyetaka kumuoa, Espérance, alikuwa binti wa mrushaji wetu). Mrushaji ndiye anayesimama katikati, juu ya kichuguu kidogo cha udongo, na kumtupia mpira mpigaji wa upande wa pili. Wetu alikuwa Papa Zacharie, aliyejifunza mchezo huo kwa wamisionari wa Kimarekani kule Kivu, na alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana kuhusu binti yake. Familia zetu zilipanga kukutana Jumamosi baada ya mechi hii ninayowasimulia, kwa mjomba wangu, tonton tunavyomwita, huko Saint-Josse.

Siku yenyewe ilikuwa ya nusu fainali. Aliyestahili kuanza kurusha ni Luc, kijana wa Kibelgiji mwenye mkono wa nguvu. Lakini Papa Zacharie alifika na shati la timu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaniangalia kidogo tu, na mimi nikajisikia nasema, "Papa, wewe utaanza." Kosa lenyewe ni hilo, mengine yalifuata yenyewe.

Na mwanzoni, jamani, ilikuwa tamu. Jua la Septemba linachuja kwenye majani, vumbi linaelea juu ya nyasi, na mipira ya Papa inatoka mkononi polepole, inaning'inia hewani kana kwamba imesahau inakokwenda, na wapinzani wetu, vijana wa Antwerp, wanapiga upepo. Nilikaa kwenye benchi nikaota macho wazi. Nikaona harusi, nikaona ziwa letu asubuhi kabla ya mitumbwi kurudi, nikamwona Espérance akicheka jikoni kwetu, jiko ambalo lilikuwa bado halipo. Luc angepaswa kuwa anapasha mkono moto pembeni, na mimi ndiye wa kumwambia, lakini hata kwamba yupo nilikuwa nimesahau.

Nilipozinduka ilikuwa zamu ya mwisho, tuko mbele kwa pointi moja, na Papa anapumua kwa mdomo. Mipira yake imeanza kwenda pembeni, na wachezaji wao wawili wameshafika kwenye vituo, wanangoja tu kukimbia nyumbani, yaani kituo cha mwisho, kwenye pointi. Benchi zima likanigeukia. Hapo kazi ya kocha ni moja: unatembea mpaka kichuguuni, unanyoosha mkono, unachukua mpira, mtu anatoka.

Sasa ninyi mnaotoka kwetu niambieni, unamwendea vipi baba mkwe mbele ya watu, unamtazama machoni, unamnyang'anya kitu mkononi? Mimi hata kupishana naye mlangoni nilikuwa naona tabu. Neno zito kwa mkwe hupelekwa na msemaji, na msemaji wangu, Tonton Faustin, kaka wa mama, alikuwa palepale kwenye nyasi na suti yake ya misa. Nikaona (mnajua usingizini kila wazo linavyoonekana lina akili) kwamba jibu ndilo hilo, nikamtuma akamwambie Papa atoke.

Tonton akavuka uwanja taratibu, akavua kofia, wakasalimiana. Wakasalimiana tena. Mwamuzi akatazama saa. Tonton akarudi ameridhika kabisa.

"Anasema kwake banaamuka bien," akaniambia, yaani wameamka salama.

"Tonton, ulimuambia atoke?"

"Alors, mutoto, mambo kama hii munaanzaka nayo? Na mikono mitupu?"

Nikaona ana haki. Akachukua chupa ya bia kwenye kreti tuliyoileta kwa ajili ya ushindi, akaifuta kwa leso, akaenda tena.

Kumbe kuna sheria, tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma: benchi likimwendea mrushaji mara ya pili katika zamu ileile, lazima atoke. Mwamuzi akamsimamisha Tonton, akaitazama ile chupa kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba mrushaji atoke, na kocha aje kuchukua mpira. Kocha mwenyewe, si mjomba wake.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka nyasi laini, na sauti za watu zikija kutoka mbali kama redio ya jirani. Macho yangu yako chini, nikaona viatu vya Papa, na magoti yangu yakaamua yenyewe. Nilipiga magoti juu ya kichuguu, nikanyoosha mikono miwili. Watu wa Antwerp wakapiga makofi (nadhani walidhani ni desturi ya timu yetu, na wapo waliopiga picha). Papa akaniwekea mpira viganjani. Tonton, kwa kuwa alikuwa ameshaibeba, akamkabidhi bia.

Luc aliingia na mkono wa baridi. Mpira wake wa kwanza ulipigwa ukapotelea msituni, wote wakakimbia nyumbani, tukatolewa.

Nilikuwa nakusanya glovu, nimewapa watu mgongo, Papa alipokuja kukaa karibu nami. Hakuleta msemaji.

"Bega ilikuwa inaniuma tangu kitambo," akasema. "Nilikuwa nakungojea."

"Papa, juu ya nini haukusema?"

"Nitajitosha mwenyewe kwa uwanja namna gani, mbele ya mukwe?" Akanywa kidogo. "Donc wewe unaniogopa, mimi nakuheshimu, na timu, équipe nzima, inakufa. Siku mutoto wangu atagonjwa, utatuma tonton yako kwa munganga na chupa?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko kutolewa. Mkutano wa Jumamosi ukaahirishwa, na Papa akanyamaza msimu mzima wa baridi.

Mechi ya kwanza ya mwaka uliofuata, bega lake likashuka kidogo tu. Nikatembea peke yangu, nikamtazama machoni, nikanyoosha mkono mmoja. Alikasirika, bia yangu akaikataa, na jioni akampigia Tonton simu kwamba familia zinaweza kukutana.

Tangu hapo nimeapa: aliyechoka nitamwambia amechoka, mwenyewe, na mapema. Papa Zacharie mpaka leo, kila tukikaa mezani, anasisitiza kwamba siku ile ya pili bega lilikuwa zima na nilimtoa bure. Namtazama machoni, namwambia, hapana Papa, ulikuwa umechoka.