Marehemu Anasikiliza

Nilikuwa nimeshaandika vitabu viwili, lakini ukurasa mmoja wa baba ulinishinda. Alitaka wasifu wake, ule unaosomwa msibani mbele ya jeneza, na aliutaka angali anapumua ili ausikie na kuusahihisha. Madaktari walisema moyo umetanuka, wakamrudisha nyumbani. Hakuniuliza kama naweza. Alinipigia simu akasema nianze mapema, kwa sababu hataki kusomewa uongo akiwa hawezi kujibu.

Nikaanza nyumbani kwangu, Makambako, kwenye kompyuta. Upepo wa mji ule hupiga mabati mchana kutwa, nikausingizia upepo. Nikasingizia malori, nikasingizia simu na makundi yake ya harusi na vikao. Ukweli ni kwamba kila nilipoandika "Marehemu alizaliwa", kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Niliona kama neno lile likikaa pale kwenye kioo litapata njia ya kumfikia. Nilijikasirikia sana, maana mimi ni mtu wa shule, na sikupenda kujikuta naogopa neno.

Nikaamua kwenda kwake, kijijini nje ya Njombe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miparachichi, na pale nyumbani nilikuta mambo ambayo hakuna aliyeyataja. Mama alikuwa amepanga kuni nyingi kuliko jiko lake linavyohitaji. Baba mdogo alikuwa amefyeka majani kwenye makaburi ya ukoo, na hakuna aliyemtuma. Nilipomuuliza mama kuhusu zile kuni, alisema baridi inakuja, akaniacha nimesimama.

Baba alikuwa kitandani, mito imemwinua kifua. Nikamweleza kwamba maneno hayaji. Aliitazama kompyuta yangu kwa muda, kisha akanionyesha kabati. Ndani yake ilikuwamo taipureta yake ya chuma. Alikuwa karani wa usharika kwa miaka mingi, na karibu kila aliyezikwa upande ule, wasifu wake aliupiga yeye kwa mashine hiyo.

"Hiyo yako inafuta, binti yangu," akasema. "Piga kwa hii. Na upigie hapo sebuleni, nikusikie."

Nikaizima simu, nikamwachia mama jikoni. Taipureta haina cha kukuonyesha isipokuwa karatasi. Vitufe vilikuwa baridi na vizito, na herufi ya R iliruka juu ya mstari. Nikapiga neno lile lote, likakaa pale, jeusi, na sikuwa na namna ya kulirudisha. Nikatega sikio kuelekea chumbani. Baba akakohoa, nikashusha pumzi, nikaendelea.

Ubatizo, kipaimara, ndoa, kazi. Sentensi zilizonikataa Makambako zilikuja zimefuatana, na niliogopa zaidi kwa jinsi zilivyokuja kwa urahisi. Kila niliponyamaza kufikiri, baba aligonga ubao wa kitanda taratibu, kuniambia niendelee. Nilipofika kwenye "aliugua", nikaacha kupiga. Akagonga. Nikaandika, nikaacha nafasi ya tarehe, nikaenda kumsomea.

Alinikatiza mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba hakuwahi kugombana na mtu, akasema niitoe sentensi hiyo, kwani wapo watakaokaa pale wakijua si kweli. Nikaipigia herufi za X. Kisha akataka nisome upya, nikiwa nimesimama, kwa sauti ya msibani, na walio nyuma wasikie.

Nikasimama, nikasoma. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na shangazi, dada yake baba, alikuwa anakuja na kapu la viazi. Alisikia sauti yangu ikisema "marehemu" na jina la kaka yake. Kwetu wasifu hausomwi kwa majaribio. Akaliachia kapu, akapiga yowe.

Yowe moja linatosha. Wanawake walitokea kwenye ukungu, khanga zimefungwa viunoni, wanalia kabla hawajafika mlangoni. Nilitoka mbio kuwaambia yu hai. Hawakuniamini, wakaingia wenyewe, wakamkuta anawatazama. Hakuna aliyecheka.

"Kamwene," jirani mmoja akamsalimia, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama atajibiwa. Baba akaitikia, na wale wengine wakaanza kujifuta machozi kwa aibu.

Shangazi peke yake hakuweza kunyamaza. Alikaa sakafuni, akalia kwa Kibena, akimtaja kaka yake na mama yao na mashamba waliyolima pamoja. Niliona uchuro mtupu. Nikamshika mkono nimtoe nje, nikiwa na hasira naye, na hasira zaidi na karatasi niliyoishika.

"Mwache," baba akasema. "Analia vizuri. Siku yenyewe sitamsikia."

Akafumba macho apate kusikiliza, na sisi wengine tukabaki tunakitazama kifua chake.