Timu Inafungwa, Naambiwa Sababu ni Kofia Niliyoifua

Admin, jina langu libaki kwako. Wabongo wa hapa Rosettenville tunajuana, na mume wangu anaupitia ukurasa huu kila siku. Akijiona humu, basi na ajione.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Tanga, fundi cherehani. Naishi hapa Johannesburg na mume wangu na binti yetu wa miaka minane. Mume wangu anacheza besiboli, ule mchezo wa kurusha kimpira kigumu mwenzio akakipiga kwa gongo. Aliujulia shuleni Dar, na huku timu inamlipa mshahara. Yeye ndiye mrushaji wao. Kibali chake cha kuishi nchi hii kinategemea mkataba wa timu, na cha kwangu na cha mtoto vinategemea cha kwake. Mkataba wenyewe unaisha msimu huu.

Na msimu huu, jamani, ni aibu tupu. Wanafungwa nyumbani, wanafungwa ugenini, wanafungwa na timu ambazo mwaka jana walikuwa wanazicheka. Kila mtu kanuna, anatafutwa wa kubebeshwa lawama, na kapatikana. Ni mimi! Mie ambaye hata hilo gongo sijawahi kulishika.

Kisa ni kofia. Wachezaji hawa wana miiko yao: kofia uliyoshindia huifui. Ya mume wangu ilikuwa ya msimu uliopita, imekauka chumvi ya jasho mpaka inasimama yenyewe. Nilikuwa naiona, nakunja pua, naiacha. Siku moja mbwa wa mwenye nyumba wetu, yule bibi wa Kireno, akaichukua kibarazani akaitafuna weee, ikalowa mate. Mume wangu akaniletea kaishika kwa ncha za vidole. "Mke wangu, hebu itwaharishe hii, Ijumaa naivaa msikitini." Sisi Waislamu tunajua mate ya mbwa yanaoshwaje: mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikachota udongo uani, nikaifua vilivyo. Ikatoka imepauka, lakini safi. Akasema ahsante, akaivaa.

Wiki ile wakafungwa. Kapteni wao akaiona kofia ilivyopauka, akauliza nani kaifua. Mume wangu, mwanaume mzima na ndevu zake, akajibu, "Eish, mke wangu huyo. Mimi sikuwepo nyumbani." Hakumtaja mbwa. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyenipa. Na nawauliza ninyi mnaosoma: zile mechi za mwanzo wa msimu, walipofungwa kofia ikiwa na uchafu wake wote, nilikuwa nimefua nini?

Maneno yakawafikia Wabongo wenzetu, nao wakatia chumvi: "Si mtoto wa Tanga yule? Mnacheza nyie!" Utani wa kwamba watu wa Tanga ni wachawi nimekua nao, huwa nacheka na mie. Lakini sasa hawatanii. Nikienda uwanjani, wake wa wachezaji wanahamisha viti vyao. Kuna wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao hata mkasi haujavigusa. Na juzi binti yangu, ambaye Kiswahili chenyewe anakivunjavunja, kanirudia kutoka spaza, kiduka cha mtaani kwetu, akaniuliza, "Mama, gundu ni nini? Wanasema wewe unayo." Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Ukweli tunaujua wawili tu, mie na yeye. Bega la mume wangu limekwisha. Tangu msimu haujaanza, mkono haunyanyuki sawasawa. Shati namvalisha mie. Kila jioni namkanda kwa maji moto na mafuta, na machozi yanamtoka. Mipira anayorusha siku hizi hata bibi yangu angeipiga. Nilimsihi aende kwa daktari wa timu, akasema, "Wakijua tu, mkataba anapewa mwingine. Tutakwenda wapi?" Nikamwelewa. Nikamfichia siri yake, nikazidisha mafuta.

Sasa sikieni malipo yangu. Jumapili iliyopita kaongea na mama yake Dar, wakapanga wenyewe, mie nikaletewa hukumu. "Mama anasema uende Tanga ukapumzike mpaka msimu uishe. Ukiondoka, watu watatulia." Tiketi ya basi kashakata, naondoka Jumamosi. Mtoto anabaki, ati ana shule. Na kibali changu kinakaribia kwisha, nikishavuka mpaka sijui kama nitaruhusiwa kurudi.

Nikamuuliza, "Niangalie usoni. Wewe unaamini ni kofia?"

Akainama. "Siamini. Lakini wao wanaamini. Wakiwa wanakuangalia wewe, hawaliangalii bega."

Kasema hivyo, wallahi, kwa mdomo wake! Afadhali angekuwa mjinga anayeamini gundu, ningemhurumia. Huyu anajua kila kitu, na bado kanitanguliza mbele ili mawe yanipate mie.

Namba ya kocha ninayo. Nikimwambia habari ya bega, jina langu litasafika, lakini mkataba umekwenda, na vibali vya sote watatu vimekwenda. Nikinyamaza, naondoka mie peke yangu, nikiwa na gundu langu, na mwanangu namwacha huku akiamini mama yake ana mkosi.

Naandika haya jioni hii, beseni liko miguuni kwangu. Yeye kakaa kwenye stuli, kavua shati, kanigeuzia bega. Anasema, "Maji yanapoa, mke wangu, fanya haraka."

Ndugu zangu, niambieni upesi. Nimkande, au nimpigie kocha?