Mafuvu ya Mama

Wiki jana, kwenye maabara ya shule ya binti yangu, niliona fuvu la plasta la mtu wa kale, na papo hapo nikasikia harufu ya chai ya rangi.

Mama alikuwa akitengeneza mafuvu kama hayo nyuma ya nyumba yetu Kitengela, akiyauza mashuleni. Aliyachovya kwenye sufuria ya chai nzito ili yafanane na mifupa ya zamani. Mimi nilidhani yana kiu.

Alasiri moja Mama Mutua, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi. Nilimnong'oneza, "Mama anapatia wafu chai." Alitoka mbio bila chumvi.

Alirudi na umati wenye marungu na mawe. "Choma huyo! Anaabudu shetani!" Wakapiga sufuria teke, mafuvu yakapasukia chini, meno yake yakatawanyika. Mama akaokota kipande. "Si muone, ni plasta tu!" Akakiuma, akakitafuna mbele yao.

Walishusha marungu, nikadhani wameelewa. Kisha Mama Mutua akapiga nduru: "Anakula watu!" Jiwe likampata Mama mdomoni. Marungu yakafuata, mgongoni, kichwani, hata alipoacha kulia. Waliondoka walipodhani amekufa.

Mama alikuwa bado anapumua. Nilipapasa kwenye matope ya chai na damu, nikamwokotea meno yake, nikayaosha, nikamwekea kiganjani. Yalikuwa matano.

Matatu yalikuwa ya plasta.