Shada la Mama Bhoke

Jamani, leo nimedanganya bila kusema uongo.

Niliagiza shada la maua mjini Tarime, nimwombe mama msamaha kwa kumjibu vibaya. Nikamwelekeza bodaboda: "Peleka kwa Mama Bhoke." Bhoke ni mimi.

Nilisahau kwamba kijijini kwetu akina Bhoke tumejaa!

Akalipeleka kwa jirani, naye Mama Bhoke. Mumewe yuko machimboni Nyakunguru, hajapiga simu tangu Pasaka.

Jirani akaniita: "Wewe wajina wa mwanangu, njoo unisomee kadi."

Nikasoma maneno yangu mwenyewe, ambayo sikuyawekea jina: "Nisamehe. Nakupenda sana."

"Kumbe bado ananikumbuka!" Akalia, akanikumbatia.

Nami nikasema, "Hongera, mama."

Sasa hivi anamkimbiza jogoo, anasema mumewe yuko njiani.

Nikamwambie kabla hajamchinja? Nishaurini haraka.